Mla Senene wa Pili

Santuri ya mdogo wangu ilifika kwangu Nyanga ikiwa imefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, na bwana aliyeileta kutoka melini hakutaka hata kuketi. Alisema tu, "Mdogo wako anakusalimia. Anasema uisikilize peke yako kwanza." Tangu lini zawadi ikaja na masharti? Niliiweka mezani, nikaenda kumenya ndizi, nikarudi kuitazama, nikaenda tena. Mtu hakuambii usikilize peke yako ila kuna jambo humo ndani.

Mdogo wangu huyo baba alikuwa amemtoa kwa Mungu tangu akiwa bado anakimbia bila viatu kule kwetu Izigo. Baba alikuwa na migomba, mibuni, watoto saba, na nia moja kubwa, ya kuwa na binti mtawa. Mimi niliolewa mapema, nikahamia huku Nyanga, Bukoba. Yeye alibaki na mama jikoni miaka mitatu, kisha akapelekwa kwa masista, akaimba kwaya hadi watu wakawa wanachagua misa kwa ajili yake. Mama akafa. Haukupita mwaka mdogo wangu akatoka utawani na sanduku moja, akapanda meli ya Mwanza, na tuliposikia habari zake tena ilikuwa ni sauti yake redioni, mbele ya bendi ya dansi. Tangu siku hiyo baba akiulizwa ana watoto wangapi alijibu sita.

Sasa ametoa santuri kubwa, nyimbo nne huku na nne kule. Kwenye jalada amesimama na suruali ya bugaluu, nywele zimechanwa juu, mkono kiunoni. Wakati huo vijana wa chama walikuwa wanasimamisha watu barabarani kwa sababu ya suruali kama hiyo. Nililivalisha jalada karatasi ya kalenda ya kanisa, upande wenye Bikira Maria, nikajisikia vizuri zaidi.

Sikuisikiliza peke yangu, kwa kuwa mashine ya santuri ilikuwa ya mume wangu na hakuna aliyeruhusiwa kugusa sindano yake. Mume wangu alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, mtu mpole, anayepangusa santuri hata ikiwa safi. Tukakaa. Mama yake, aliyekuwa akiishi nasi, akaja na ukili wake akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, miguu ameinyoosha, akisema haelewi mambo ya dansi ila anapumzika tu. Huyo ndiye mtu niliyemwogopa kuliko baba yangu mzazi.

Nyimbo zote zilikuwa za kukataa. Katika wa kwanza alikataa shela ya utawa. Katika wa pili alikataa kupiga magoti kumsalimia mtu asiyemheshimu. Katika wa tatu alimwambia baba yake kwamba mtoto si ng'ombe wa nadhiri, na hapo mume wangu alikohoa. Mimi nilikuwa najitafuta. Katika kila wimbo nilisubiri dada mkubwa atokee, dada anayeolewa anapoambiwa, anayeitikia ndiyo kabla hajaulizwa. Hakutokea. Badala ya kufurahi nikazidi kushuku, maana mtu asiyekutaja mara nne anakuwekea ya tano.

Wa tano ulikuwa wa senene. Gitaa lilianza taratibu, kisha yeye:

Tulikula wawili nyuma ya jiko,
mmoja akafuta mdomo, mwingine anaimba.

Mama mkwe aliacha kusuka.

Ambaye si wa kwetu itabidi nimweleze. Senene, panzi wale wa msimu, kwa Wahaya wa wakati ule walikuwa kazi ya mwanamke na chakula cha mwanamume. Msimu ukifika sisi wanawake tunatoka alfajiri na umande kwenda rweya, kule uwandani kwenye nyasi, tunawaokota mpaka vidole vinakufa ganzi. Tunawanyonyoa mbawa na miguu, tunawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tunampelekea mume. Mume anakula, anashukuru kwa kanga mpya. Wewe unabaki kunusa vidole. Mwanamke akila, walisema, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Hakuna aliyewahi kumwona mtoto huyo, ila kila mtu alimjua mtu aliyemwona.

Na mimi nilikula. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu tisa, tukajificha kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya mibuni na kikapu cha baba. Yeye alikula kiganja kizima huku akicheka. Mimi nilikula watatu, nikalia siku mbili. Nilimwapisha kwa rozari ya mama kwamba hatasema mpaka anakufa.

Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu kama nisingekuwa nimepoteza mimba mbili. Ya kwanza mama mkwe alinihurumia. Ya pili alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu. Alikwisha kuanza kutaja, kwa bahati mbaya tu, binti wa jirani yao wa zamani, mwenye mwili mzuri na heshima. Sasa nilikuwa na mimba ya tatu, miezi minne, na santuri inaimba sebuleni kwangu kwamba tulikuwa wawili.

"Huyu mdogo wako ana sauti," alisema mama mkwe wimbo ulipokwisha. "Mwambie mwanangu aurudie."

Akaurudia. Nilijifanya napanga vikombe. Nilijiambia, afadhali amesema nyuma ya jiko. Sisi tulikula kibanjani, kwa hiyo amebadilisha mahali makusudi ili asinianike. Kisha nikajiambia, kama alitaka kunificha angeimba kwamba alikula peke yake. Huyo wa pili wa nini? Nilimchukia mdogo wangu kwa neno moja, wawili.

Wiki chache baadaye wimbo uliingia kwenye kipindi cha salamu redioni. Watu wa mikoa ambayo hata senene hawajawahi kumwona waliuagiza kwa ajili ya mashemeji zao. Kwenye foleni ya sabuni, duka la ushirika, wanawake waliuimba chini chini huku wakinikata jicho. Mmoja aliniambia, "Mdogo wako katuumbua wote." Wote kina nani? Niliiwaza sura yake wiki nzima nikijaribu kujua alimaanisha nini. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima naye akaupeleka darasani, akasema ndiyo ukombozi wenyewe huo, mwanamke ale mayai, ale samaki, ale na senene. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi hodari wa darasa hilo. Aliandika sentensi zote ubaoni bila kosa, akarudi nyumbani, akampelekea mwanawe mayai yote mawili yaliyokuwepo.

Na kila jioni aliomba wimbo. Si nyimbo nyingine, huo tu. Alikaa kwenye nyasi zake, akasuka, akasikiliza, na mume wangu akalalamika kwamba betri hazipatikani mjini. Mimi nilifuatilia macho ya mama mkwe. Nilipokula aliangalia mdomo wangu. Nilipoketi aliangalia tumbo. Siku moja alisema, kana kwamba anazungumza na ukili, "Mficha uchi hazai." Methali hiyo watu huisema kwa mambo elfu. Mimi niliinuka nikaenda kumenya ndizi.

Msimu ukafika. Tulikuwa wawili uani, mimi na mama mkwe, beseni la senene katikati yetu, tunanyonyoa. Mimba ilikuwa na miezi saba. Hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu, huyo wa pili ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miezi mitatu. Nilikuwa na majibu ya kuchagua: wimbo ni wimbo tu, au muulize mwenyewe aliyeimba. Badala yake mdomo wangu ulifunguka ukasema, "Ni mama. Mama yetu marehemu."

Nilisema uongo huo kwa macho makavu. Nilijua kwa nini nimemchagua mama. Mfu harudishwi kwao. Mfu haletewi mke mwenza. Aliyekwisha zaa saba na kuzikwa na kanisa zima, senene watamfanya nini?

Mama mkwe alinyonyoa mmoja, wa pili, wa tatu. "Mama yako alizaa saba," alisema.

"Saba."

"Na vichwa vyao vizuri."

"Vizuri, mama."

Alifikiri. "Basi alianza kula baada ya kumaliza kuzaa," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua mtungi. Tangu jioni ile hakuomba wimbo tena. Binti wa jirani naye hakutajwa tena. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kulisema.

Kutoka Nyanga mpaka Izigo ni mwendo, lakini maneno hayachoki miguu. Kabla msimu haujaisha wanawake wa kwetu walikwisha jua kwamba mama yangu, mama wa kwaya, mama aliyepiga magoti kuandaa chakula cha baba maisha yake yote, alikuwa akila nyuma ya jiko. Nilipokwenda kumsalimu baba, jirani alikuwa amemletea senene waliokaangwa vizuri kabisa, wamo kwenye jani la mgomba. Hakuwagusa. Alinipa kahawa ya kutafuna kama desturi, akaniuliza hali ya barabara.

Baadaye akasema, "Waitu, mwanangu, nani aliyesema haya juu ya mama yako?"

"Sijui, baba. Watu."

"Watu," alisema. Mwaka ule baba hakula senene hata mmoja, na mtu yeyote kule atakuambia kwamba hilo kwa mwanamume wa rika lake ni msiba.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Kabla hajamfunga nguo alipitisha kiganja chake juu ya kile kichwa kidogo, mbele, nyuma, pembeni. Kisha akanitazama mimi muda mrefu, akatabasamu, akaenda kunikorogea uji. Nilijua basi kwamba hakuwahi kuamini moja kwa moja. Nilimpenda kidogo tangu hapo, lakini sikuacha kumchunga.

Mdogo wangu alikuja mwaka uliofuata, bendi yao ilipopiga Bukoba mjini. Alikuja Nyanga mchana kweupe, na bugaluu yake, na mama mkwe akaipapasa ile suruali akiuliza kitambaa kimepatikana duka gani. Senene walikuwa wameanza kushuka. Tulikaa uani na beseni, yeye anaokota mmoja mmoja akila waliokwisha kaangwa kama mtu anayekula karanga. Mtoto wangu alikuwa mgongoni kwangu.

"Uliniapia kwa rozari," nilimwambia.

"Niliapa nini?"

"Kwamba hutasema. Umeniimba redioni mpaka Mtwara. Ningeachika kwa ajili yako."

Alinitazama kama ninasema Kichina. "Wewe? Wewe nimekuimba wapi?"

"Tulikula wawili."

"Dada," alisema, na akamweka chini senene aliyekuwa naye mkononi. "Wewe ulikula watatu, ukalia siku mbili. Nani ataimba hilo? Nimesema nyuma ya jiko. Wewe ulikwisha olewa. Tulikuwa mimi na mama."

Niliacha kunyonyoa.

"Kila msimu, ile miaka mitatu. Baba akishapelekewa wake, mama anabakiza kiganja kwenye chungu, ananiita nyuma ya jiko. Tunakula tumesimama. Anafuta mdomo na pindo la kanga, anaingia ndani kumwuliza baba kama amependa. Sijawahi kumwona akicheka vile. Mimi kuondoka utawani, kupanda meli, kuvaa hii, yote nimejifunza pale. Ndiyo maana nikakuagiza usikilize peke yako. Nilidhani utaujua moshi wa jiko la mama, ulie, halafu uniandikie barua."

Nilimweleza basi nilichofanya. Nilimweleza swali, na uongo wangu, na baba kutogusa senene. Nilitegemea atanipigia kelele. Yeye alikaa tu, anaangalia mikono yake iliyokuwa inang'aa mafuta.

"Kwa hiyo ulisema bila kujua," akasema.

"Nilibuni. Nakuapia nilibuni."

"Najua." Alijifuta mafuta mikononi. "Mimi nilitaka kukuambia zamani, ile mara ya kwanza kabisa. Mama akakataa. Alisema, dada yako ni mtoto mzuri, ana moyo, lakini usimwambie. Akibanwa atasema."

Mtoto aliamka mgongoni, nikamtikisa taratibu, nikaendelea kunyonyoa kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Muda wote huo nilimshuku mdogo wangu, nikamshuku mama mkwe, nikawashuku wanawake wa foleni ya sabuni, na kumbe mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kushuku, tena kunishuku mimi, naye alikuwa mama. Wala sikubanwa. Mama mkwe aliniuliza mara moja tu.