Kona ya Mgeni

Barabara ya kuteremka kutoka kwetu mlimani hadi Kibirizi, bandarini ziwani, tuliichimba wenyewe, kwa msaragambo. Serikali ilitoa ahadi, majembe yalikuwa yetu. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake kwa kamba ya nyavu, na aliyekwepa alisengenywa mpaka kisimani. Mama, mchuuzi wa dagaa, alitaka gari lifike mlangoni apeleke mzigo sokoni Mwanga bila kuvunja shingo. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, kwa hiyo jembe la nyumba yetu lilikuwa langu.

Katika chumba chetu cha uani alikaa mwanamke aliyevuka ziwa na wanawe kukimbia vita Burundi. Wakimbizi walitakiwa kambini, mbali na maji. Yeye hakutaka. Walipoteana na mumewe ng'ambo, na walikuwa wameagana kukutana Kibirizi.

Siku ya kugawa vipande alimwendea mwenyekiti wetu.

"Shikamoo mzee. Nami nipeni pangu."

"Wewe mgeni, mama."

"Ego," aliitikia kwa Kirundi. "Ndiyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu imepita zamani."

Watu walicheka, kisha wakampa kona yenye mawe ambayo hakuna aliyeitaka. Aliichimba vizuri kuliko sisi, na hilo liliniudhi kidogo. Kwetu mwenye kipande alikuwa mwenyeji: alialikwa harusini, alizikiwa wafu wake. Tuliamini ugeni wake umekwisha.

Gari la kwanza kupanda barabara ile halikufuata dagaa. Lilikuwa lori la kukusanya wakimbizi.

"Huyu ana kipande," mwenyekiti alimwambia ofisa, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine.

"Kipande cha nini?"

Tulimpeleka akakione. Alikitazama, akasifu kazi, akaamuru yule mwanamke na wanawe wapande. Lori liliipita kona bila kutikisika. Niliichukia barabara ile, na mikono yangu pia.

Masika yalipoibomoa kona, mwenyekiti alitaka kuigawa upya. "Ina mwenyewe," mama yangu alisema, akaanza kuijaza mawe kabla ya kugusa kipande chetu.

Alikuwa hapo, jembe mkononi, mwanamume alipopanda kutoka ziwani. Alisalimia, akamtaja mkewe na watoto, akauliza kama kuna mtu anayewajua.

Mama alimpa maji kwanza. Kisha akamwonyesha lilikopita lori.