Jiwe Linalokunywa Damu

Nilipokuwa mtoto, kule Kariobangi, nilikuwa mla mawe. Nilikula odowa, yale mawe laini ambayo wanawake wajawazito hununua sokoni. Mimi nilikuwa darasa la tatu na sikuwa na mimba yoyote. Nilikuwa na hamu tu. Manyunyu ya kwanza yakigusa vumbi, mate yalinijaa kama nimepita penye nyama choma.

Shosho, mama yake Mama, aliishi nasi. Alinionya mapema.

"Hilo jiwe linakunywa damu. Unadhani wewe ndiye unakula, kumbe lenyewe ndilo linakula wewe."

Nilicheka. Jiwe lina mdomo?

Basi nikaanza kuchoka. Bingwa wa kuruka kamba mimi, sasa nikiruka mara chache natafuta pa kuketi. Viganja vikapauka. Siku moja nikaanguka kwenye foleni ya maji, nikaangukia mtungi wa jirani. Jumapili Shosho akanipeleka mbele ya kanisa niombewe.

Pasta akaniwekea mkono kichwani, kipaza sauti mdomoni pake. "Pepo wa udongo, jitokeze!"

Sasa, shavuni nilikuwa nimeficha kipande. Kwa hofu nikakiuma. Kwaruu! Kipaza sauti kikaibeba sauti ile hadi nje. Watu wakapiga mayowe, mwimbaji mmoja wa kwaya akaruka kutoka jukwaani akiwa na kiatu kimoja. Mama peke yake ndiye hakushtuka. Alikuja akaninyooshea kiganja.

"Tema."

Kesho yake tukawa kliniki. Daktari, kijana mpole, alinivuta kope, akatazama ulimi, akatoa damu ya kupima.

"Damu yake imepungua sana," alisema. "Haya mawe yanazuia mwili kupata madini ya chuma. Na mengine yana risasi ndani."

Shosho akasimama. "Risasi? Nani amempiga mtoto?"

"Hapana, Shosho, risasi ni aina ya madini—"

Hakungoja. Alinipandisha gauni mgongoni akitafuta tundu. Mlango ulikuwa wazi, na tulipotoka, foleni yote ilikuwa ikinipa pole. Mwanamke mmoja aliuliza kama polisi wameambiwa.

Kipimo cha risasi, namshukuru Mungu, kilikuja kizuri. Chuma ndicho kilichokuwa kimeniishia. Nikapewa dawa yenye ladha ya geti lililonyeshewa, nikalishwa maini, mboga za managu na machungwa hadi nikayachukia. Dawa ile ikanifanya niende choo cheusi. Shosho akawaita majirani waje kushuhudia. "Mnaona? Jiwe linatoka!" Aibu niliyopata siku ile ingetosha kuniachisha odowa hata bila daktari.

Nilipona. Shosho naye akaipata kazi yake ya uzeeni. Mtoto akionekana na udongo mdomoni, alimshika pale pale kwenye ngazi, akamvuta kope kama alivyoona daktari akifanya, kisha akamfokea mama yake: "Linamnywa huyu! Peleka kliniki, daktari mwenyewe alikubaliana na mimi."

Leo najua habari za madini, hata naweza kuzieleza vizuri. Lakini katika ploti yetu, zile nyumba za kupanga, sikuwahi kuona mama yeyote akikimbia kliniki kwa sababu ya madini. Walikimbia kwa kumwogopa Shosho, na watoto wao wakapimwa, wakatibiwa, wakakua. Aliishi miaka mingi baadaye, nami sikuwahi kumsahihisha.