Debe Moja la Mlozi

Baba alipopooza upande wa kulia, nilimwuliza anatamani nini, nikitegemea aseme daktari. Akasema lozi. Maisha yake yote alikuwa mpimaji wa nafaka katika duka la Mhindi mmoja pale Majengo, na kila Idi tajiri wake alimjazia kiganja lozi. Sasa alitaka mlozi wake mwenyewe, uani, auone ukipandwa.

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya serikali ya Mwingereza, nimerudi na shahada kutoka Uganda, kwa hiyo sikuweza kupanda mti kabla ya kuusoma. Niliagiza orodha ya miche kutoka Afrika Kusini. Humo niligundua kwamba milozi mingi haizai mpaka iwe miwili ya aina tofauti, imesimama karibu, ichanue pamoja. Uani kwetu maji ya ziada yalikuwa debe moja kwa siku: lile nililomwogeshea Baba kila asubuhi, ameketi juu ya kibao, maji yakipotelea mchangani.

"Debe moja, mti mmoja," mke wangu alisema. "Chagua."

Katika orodha nzima, aina iliyojizalia yenyewe bila mwenzake ilikuwa moja tu. Nilitumia wiki tatu kuichagua. Nililinganisha, nikapiga mistari, nikaandika barua mbili za maswali. Baba, huku nikimsugua mgongo, aliuliza kila siku kama mchumba amepatikana. Siku moja nikamweleza kuwa mti huu hauhitaji mchumba.

"Mti wenye kiburi," akasema. "Mtaelewana."

Wakati tukiusubiri nilichimba shimo, futi tatu kwa tatu, kama kitabu changu cha kilimo kilivyotaka. Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi huchimbwa kwa sururu na matusi. Baba alinitazama akiwa kwenye kitanda chake cha kamba, akauliza kama nachimbia mti au choo.

Alifariki Jumanne, kabla ya adhuhuri, mche ukiwa bado njiani.

Waoshaji walikuja, wakazungushia shuka uani, wakatafuta mahali pa kuchimba shimo la kupokea maji ya kumwoshea maiti. Wakaliona la kwangu. Mmoja akaniuliza kama wanaweza kulitumia. Nikasema ndiyo, kama mtu aliyeulizwa atakunywa chai. Waliweka kitanda juu yake, wakamwosha, kisha wakalifukia. Nakumbuka jambo moja tu: waliurudisha udongo wa chini juu, na wa juu chini, kinyume na maelezo ya kitabu.

Baada ya hitima nikaitwa stesheni kuchukua mzigo. Ndani ya gunia lenye unyevu kulikuwa na kijiti chenye mizizi, mfano wa mpini wa ufagio uliotelekezwa. Nilikiacha bafuni siku mbili. Pale palipomwagwa maji ya maiti watu hawapakanyagi, na nilijua hakuna jirani ambaye angekula tunda lililoota hapo. Sikuwa na nguvu ya kuchimba shimo jingine. Nikamwambia mke wangu nitakipeleka shuleni.

Alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na jembe, akalitia mkononi mwangu.

"Baba alitaka auone ukipandwa," akasema. "Hakuuona. Ila maji yake ameshaupa."

Nikapanda palepale. Sikulia. Nilipima kina kwa rula ya shule, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau namba kabla ya kuinua kichwa. Mke wangu alishika kijiti kisilale, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kushindilia.

Kesho yake asubuhi nilichota debe kwa mazoea, nikalibeba mpaka uani, nikakuta sina wa kumwogesha. Nilisimama nalo mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikasogeza kile kibao karibu na kijiti, nikavua shati, nikaketi. Mke wangu akatundika kanga kwenye kamba ili majirani wasinione. Nikajimwagia maji, pole pole, yakatiririka kuelekea kwenye mzizi. Yalikuwa ya baridi. Niliyasikia magotini tu, pale yaliponirukia kila asubuhi nikimwogesha Baba.