Mistari Mitatu ya Viazi

Mwalimu wa sayansi alitaka matokeo yaonyeshwe ukutani kwa chati ya nguzo tatu: viazi vya tuta la samadi, vya tuta la majivu, na vya tuta lisilotiwa kitu. Chati niliichora, tena kwa rula. Lakini mama yangu hakujua kusoma, na siku ya wazazi ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kufika shuleni kwangu, shule ya misheni nje kidogo ya Njombe. Baba alikwishapanda lori Makambako kwenda kwenye mkonge, akanyamaza huko huko. Bwenini nilikuwa Mkinga peke yangu, na nilitamani mno mtu mmoja wa kwetu aelewe ninachokifanya huku. Kwa hiyo nikavipanga viazi vyenyewe barazani, mistari mitatu, ajionee: wa samadi mrefu, wa majivu wa kati, wa bure mfupi.

Asubuhi mpishi akapita. Viazi barazani siku ya wageni, yeye angefikiri nini? Alizoa vikubwa vyote, akaviacha vile vidogo vya mstari wa bure, kama golori, ambavyo hata kuvimenya ni kujitafutia kazi. Nilipofika, sufuria ilikuwa inatokota. Nililia kwa hasira, na wenzangu wakanicheka, eti jaribio langu limeiva.

Mama akafika wakati huo huo. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Tandala, kapu la viazi kichwani. Aliutazama mstari uliobaki, akanitazama mimi na macho yangu mekundu. Kisha akapiga magoti, akaanza kutoa viazi vyake, vikubwa vya kuchaguliwa, akavipanga palipokuwa wazi.

"Wazungu wasije wakasema mwanangu hajui kulima," alisema kwa Kikinga.

Nikavitoa, kimoja kimoja, nikavirudisha kapuni.

"Mama, hivi sivyo."

"Sivyo nini? Kwani si viazi?"

Kwa Kiswahili cha darasani ningemweleza hadi jua lizame. Kwa Kikinga, lugha aliyonilea nayo, maneno yaligoma. Ningesemaje kwamba vile vidogo havikuwa aibu, vilikuwa jibu? Nilisimama mbele ya mama yangu nikiwa mpweke kuliko siku zote za bwenini. Hapo mwalimu akaniita ndani. Bwana Shamba alikuwa amefika na alitaka kuelezwa chati.

Nilieleza vizuri. Bwana Shamba akasema, "Safi sana," mwalimu akafurahi.

Nilipotoka, mama alikuwa ameshaifikia miti ya miwati ya njiani. Kwetu kapu la mgeni halirudi na kile alicholeta. Likirudi nacho, amekataliwa. Nikaita kwa nguvu. Akageuka mara moja, akaliweka sawa kapu lake lililojaa, akaendelea kutembea.