Wanawali wa Mwamba Mmoja

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu, naujua kwa tumbo. Ndio mwaka tulioacha kutia chumvi kwenye uji wa ulezi kwa sababu sukari ilirudi dukani, na mama akaanza kukaanga migebuka, samaki wetu wa ziwani, kwa mafuta ya kopo badala ya kuichoma tu. Wakasema soko limefunguliwa. Sawa, na midomo ya walafi ikafunguliwa siku hiyo hiyo.

Tulikaa ufukweni mwa Tanganyika, chini huko ukishashuka kutoka Matai. Mbele ya kijiji kulikuwa na mwamba ulioingia majini, na kwenye mwamba ule visamaki vya urefu wa kidole, vyeusi, vyenye mkanda wa manjano tumboni. Ukienda mwamba wa pili, huvikuti. Kwa kuwa havitoki kwao, tuliviita wanawali. Tulilala kifudifudi juu ya jiwe, jua linatuchoma migongo, tukimtazama mama samaki akishtuka: anafungua mdomo, watoto wanaingia wote, anafunga. Bibi yangu alisema, "Aliyebeba watoto mdomoni haendi chunguni." Hakuna nyumba iliyowala, na njaa tuliijua. Hawa wa leo wanatazama samaki kwenye simu, wakimaliza wanauliza kama ana miiba.

Ndipo akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, na mifuko ya nailoni na mitungi ya hewa. Ati Ulaya kuna watu wanafuga samaki sebuleni, wala hawawali. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kumbe mjinga tulikuwa naye nyumbani. Mjomba wangu Kasiano, aliyezaliwa hatua chache kutoka mwamba ule, akawa ananyoosha kidole: wapo hapa, wapo na pale. Mgeni akachagua wenye mashavu yaliyotuna, akasema hawa ndio wamenona. Kasiano alijua kilichomo mashavuni. Akamshikia mfuko tu. Humo ndani akina mama wakatema watoto, na watoto wakaelea kama pumba.

Bibi akamwambia, "Kasiano, hata mbwa hubweka kwao wakiibiwa."

"Mama, hii biashara huria."

Huria! Neno lenyewe kalijua juzi. Misimu michache tu, mwamba ukabaki na konokono. Kasiano akapata redio, nayo ikafa kabla yake.

Juzi nilishuka kijijini kwenye msiba, nikainama upande wa mwamba ambao watu hawaendi. Nikawaona. Wachache, na mmoja kajaza mashavu. Nililia kama mtoto. Niliporudi Sumbawanga nikamsimulia mjukuu wangu Edga, nikidhani nampa hadithi. Enzi zetu hadithi ya bibi ilisikilizwa mpaka moto uzimike. Huyu alinikatiza sijameza hata mate.

"Bibi, hiyo dili! Kuna mshikaji anawatafuta hao hao. Wamebaki upande gani?"

Ana mikono kama ya mwali wa kweli, haijui jembe, na bado anataka kuuza asichokipanda.

"Sikuonyeshi, Edga. Nenda kalime."

Akacheka, akanisogelea, akanishika bega, akasema kwa ile sauti yake ya kuombea nauli. "Bibi yangu kipenzi, wawili tu. Dume na jike. Nani atajua?"

"Sikuonyeshi, Edga. Nenda kalime."