Tulivyokwenda Ruangwa Kujifunza Kumimina Maji

Tulikwenda Ruangwa kwa sababu ya kitanda kimoja cha bweni. Shule moja ya msingi kule ina kitengo cha watoto wenye usonji, na mwalimu wa kitengo hicho, Mwalimu Imelda, alinipigia simu kuniambia mtoto mmoja amehama na nafasi yake iko wazi. Binti yangu Salima ana miaka tisa na hajawahi kukaa darasani zaidi ya asubuhi moja. Maneno yake ni machache: "maji", "twende", "bado", na siku akiamua huniita Fatu, jina langu hasa, utadhani tumesoma pamoja. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Nachingwea, na baba yake ni mlinzi kwenye ghala la korosho. Mimi nikiwa kwenye cherehani, Salima hushinda chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nilitaka atoke chini ya meza ile, na shule nyingine ya kumpokea sikuwa nayo.

Sharti la Mwalimu lilikuwa dogo ukilisikia. Mlezi wa bweni ni mmoja na watoto ni wengi, kwa hiyo anayepokelewa awe anaweza kujichotea maji, kuyamimina kikombeni anywe, na kujimwagia anapooga. Nikamjibu kwa kujidai kwamba hilo limekwisha. Na kweli niliamini limekwisha, kwa sababu mtaalamu wa mazoezi wa hospitalini alikuwa ametuwekea mchezo kwenye simu: jagi linatokea, mtoto analiinamisha kwa kidole, maji yanaingia kwenye glasi mpaka kwenye mstari. Salima alikuwa bingwa. Wateja waliacha kupimwa magauni wakaja kumtazama, na mimi nikajivuna utadhani ni mimi niliyeshinda. Mtaalamu alisema tucheze, kisha tufanye na kwa maji yenyewe. Hilo la pili niliacha lipite. Kiangazi hapa kwetu maji tunayanunua kwa madumu, yanaletwa kwa baiskeli, na kumpa Salima kopo ilikuwa sawa na kudeki nyumba mara mbili kwa siku. Maji ya kwenye simu hayamwagiki.

Jumatatu, kabla jua halijapanda, tuliondoka. Salima haliwezi basi lililojaa. Akisikia honi karibu huziba masikio na kujilaza chini popote alipo. Baba yake akatuombea nafasi kwenye lori dogo la Kenta lililokuwa linapeleka magunia matupu Ruangwa, tukakaa mbele na dereva. Baba yake aliinama dirishani akasema, "Mama Salima, wakimkubali nipigie mimi kwanza, kabla hujawatangazia mashoga zako." Nikamwambia aanze kabisa kuchambua mchele wa pilau.

Njiani mikorosho ilikuwa pande zote, na harufu ya mabibo yaliyoiva iliingia dirishani pamoja na vumbi. Chini ya miti watu walikuwa wameinama wakiokota, ndoo ziko kando yao. Salima aliweka kiganja kwenye mlango wa gari, akafumba macho, akawa anaimba kwa sauti ya chini pamoja na mngurumo wa injini. Injini ikibadilika, naye anabadilika. Dereva alimtazama kwa muda.

"Binti haongei?"

"Anaongea akiwa na la kusema."

"Basi amewashinda abiria wangu wote," akasema, akacheka mwenyewe mpaka tukafika kwenye daraja.

Ruangwa tulifika saa nne. Mwalimu Imelda ni mwanamke mfupi, rozari shingoni, na ana sauti ambayo inabidi usogee ili uisikie. Alitupa pole ya safari, akamwacha Salima azunguke darasa akigusa kuta hadi alipoishiwa hamu. Kisha akaweka chini ndoo ya maji, kopo na kikombe cha plastiki, akasema, "Salima, maji."

Salima akachuchumaa mbele ya ndoo. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya ukingo wa kopo taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama afanyavyo kwenye simu. Akasubiri. Kopo halikuinama. Akarudia. Kisha akatazama huku na huku, na mimi nilijua anatafuta nini: anatafuta ule muziki unaolia mtu akishinda.

Nikapaza sauti. "Salima, shika! Shika kopo! Mbona nyumbani unaweza?" Akalishika, akalizamisha, na lilipomlemea mkono ukapinda, maji yote yakaishia kwenye gauni lake na viatu vya Mwalimu. Akaziba masikio. Maji hayakumsumbua, kilichomsumbua ni sauti yangu.

"Mama Salima, hajakosea," Mwalimu alisema huku akikung'uta viatu. "Amefanya alichofundishwa. Macho yake yanajua maji yanavyokwenda. Mkono ndio haujui kwamba kopo lina uzito."

"Sasa nifanyeje?"

"Mpe kitu kizito akishike. Watoto wengi kama yeye, sisemi wote, hujifunza zaidi kwa kile mwili unachokihisi kuliko kwa kile wanachokiona. Simama nyuma yake, mkono wako uwe juu ya mkono wake. Na usiseme."

"Nisiseme kabisa?"

"Kabisa. Akikusikiliza wewe, hasikii mkono wake."

Akaniambia atamwangalia tena Ijumaa. Baada ya hapo nafasi hawezi kuizuia, maana kuna mzazi mwingine kutoka Kiegei anasubiri na mtoto wake. Nilimchukia yule mzazi wa Kiegei hapo hapo, na sijawahi kumwona.

Alasiri tulipanda bodaboda hadi Nandagala, kwa dada yangu Zainabu, aliyeolewa huko. Alitupokea uani, akamshika Salima kichwa kidogo tu, kwa kuwa anajua hapendi kushikwashikwa. Nilipomweleza yaliyotokea akasema, "Ijumaa si mbali, mdogo wangu. Kuleni kwanza." Sikuweza kula. Nikachukua ndoo yake nikaanza kazi, na mpaka magharibi uwanja ulikuwa tope.

"Fatu," dada akasema kutoka jikoni, "unamfundisha mtoto au unamwagilia ua?"

Jumanne nayo ikapita hivyo hivyo. Nilisimama nyuma ya Salima kama nilivyoelekezwa, mkono juu ya mkono, lakini mdomo wangu ulikuwa hauna lijamu. "Inamisha. Siyo hivyo. Taratibu. Salima! Hapo hapo." Kila neno lilimfanya akaze bega. Mara ya mwisho alilitupa kopo, akaingia chini ya kitanda cha dada na kulala huko. Nilikaa kizingitini nikalia. Niliona kabisa tunavyorudi Nachingwea, namna nitakavyosogeza vitambaa ili apate pa kukaa chini ya meza, mwaka huu na mwaka ujao, hadi awe mwanamke mzima.

Jumatano asubuhi dada alikuwa uani anatia korosho kwenye gunia. Zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai siku kadhaa, zimekauka, naye alizichota kwa kopo na kuzimimina. Korosho zikiingia kwenye gunia zina sauti yake, kavu na nzito, inayopungua gunia linavyojaa. Salima akatoka ndani kuifuata sauti hiyo. Akasimama karibu, akamnyang'anya mama yake mkubwa kopo bila hodi.

Nikainuka nimzuie. Dada akanishika kanga. "Muache. Zikimwagika tutaokota. Tangu juzi tunafanya kazi gani nyingine?"

Salima akachota. Nyingi zikaanguka pembeni. Akalitikisa kopo, akalipima mkononi, juu chini, akachota tena. Nikaja nyuma yake, nikaweka mkono wangu juu ya wake, na safari hii nikauma ncha ya kanga ili nisiseme. Sitanii, niliiuma kwa meno. Kwa mtu wa soko kama mimi, kunyamaza ni adhabu. Lakini nilipofunga mdomo ndipo nilipomsikia mtoto. Kopo likiwa limejaa, kifundo cha mkono wake kilikaza, likimwaga, kililegea, na katikati hapo, palipokuwa pakimshinda, aliachia ghafla. Nikawa nambana kidogo pale tu. Baada ya kitambo nikawa sibani tena. Nikaondoa mkono kabisa, na hakugeuka.

Gunia lilijaa kabla ya adhuhuri. Dada akalishona, akafungua lingine, akasema angejua angetuita tangu mwanzo wa msimu.

Alhamisi tulihamia kwenye mbaazi, ambazo ni ndogo na huteleza, kutoka ndoo kwenda bakuli. Zilipoisha, dada bila kusema lolote aliweka ndoo ya maji mahali pale pale, na kopo lile lile. Salima akachota. Maji ya kwanza yakamwagikia miguuni, akacheka, akakaa akizisikiliza nyayo zake zikilowa. Ya pili yakaingia nusu. Kufika jioni alikuwa anajaza bakuli, na ua wa dada ulikuwa umelowa sehemu ndogo tu. Nilimkumbatia dada yangu tukayumba kama walevi. Salima akatuambia, "Bado."

Ijumaa asubuhi tulirudi shuleni. Kopo la Mwalimu lilikuwa la plastiki, jepesi kuliko la dada. Ndoo ikawekwa. Kikombe kikawekwa. "Salima, maji." Nilikalia viganja vyangu kwenye benchi. Salima akaliinua kopo likiwa tupu, akalipima juu chini. Kidole kikanyooka, kikagusa ukingo, na mimi nikamwita Mungu kimoyomoyo kwa majina yake yote niyajuayo. Kisha kidole kikakunjwa, mkono mzima ukalikamata kopo, ukazama ndani ya ndoo, ukapanda. Maji yakaingia kikombeni. Mengine yalimwagika, nisiwadanganye, lakini yaliyoingia yalikuwa ya mtu kunywa.

Akanywa. Akamimina ya pili, na mimi nikanyoosha mkono nikidhani ni yangu. Akanywa na hiyo.

"Amepata," Mwalimu Imelda akasema. "Abaki leo leo. Ukimrudisha nyumbani, utaghairi wewe, siyo yeye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Begi lake nilikuwa nalo, nguo zake nilizishona mwenyewe, jina nimelidarizi kwenye kola. Nikasema nimuage. Salima alikuwa tayari amesimama kwenye mlango wa bweni na mlezi, kiganja kwenye ukuta. Nikamwambia nakwenda. Akanitazama mdomo, akasema, "Twende," kisha akageuka akaingia ndani na yule mlezi.

Jumamosi nilirudi Nachingwea kwa basi, maana sasa sikuwa na sababu ya kulikwepa. Nilikaa dirishani. Honi ikipigwa nilijikuta nanyoosha mikono pembeni kumziba masikio mtoto ambaye hayupo, na mama niliyekaa naye akasogea akidhani namtaka anipishe. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nimejifunza kwamba mkono wa mtoto hauelewi kwa kuambiwa, wala kwa kuonyeshwa peke yake. Unaelewa kwa kubeba. Simu haikutudanganya, ilimfundisha ilichoweza kumfundisha. Kilichobaki kilitaka uzito, na kumwagika, na mama kufunga mdomo. Ningeyajua hayo mapema, ningenunua dumu moja zaidi.

Jioni baba yake alinikuta nimekaa barazani, cherehani bado imefunikwa. Nilikuwa nimempigia yeye kwanza, kama alivyotaka, na pilau kweli alikuwa ameipika, imeungua chini. Akaketi, akanipakulia.

"Alilia?"

"Hapana. Nimelia mimi."

Akala kidogo, akasema, "Lakini Mama Salima, wiki nzima tulikuwa tunaomba akubaliwe."

"Niliomba akubaliwe," nikamwambia. "Moyo wa kumwacha nilisahau kuuomba."