Mafuta Yaliyomkohoza Bi Kikohozi

Maabarani walimwita Bi Kikohozi, kwa kuwa kila sampuli ya mafuta ya zeituni aliionja kwanza. Yakimkereketa koo hata akakohoa, alijua polifenoli, kemikali zinazowasha koo na kuyapa mafuta ubora, zimo tele na mafuta ni ya daraja la juu. Mashine ilikuja baadaye kuunga mkono tu.

Asubuhi moja mama mkwe wake alimkabidhi kichupa cha mafuta ya zeituni aliyoyachota kwenye dumu lake. "Mwanangu, haya yameoza. Yanawasha koo kama pilipili. Kayapime, nikamseme aliyeniuzia."

Kule maabarani Bi Kikohozi alionja tone moja. Alikohoa mara tano, machozi yakamtoka, akacheka peke yake hata wenzake wakatazamana. Mashine nayo ikasoma miligramu mia nane za polifenoli kwa kilo, kipimo ambacho maabara ile haijawahi kukiona. Akatoka mbio hadi nyumbani, koti jeupe likipepea, viatu vikimvuka.

"Mama, yale mafuta ni dhahabu. Dumu liko wapi?"

Mama mkwe akausukuma mlango wa choo, ukaenda na kurudi kimya kabisa. "Nimeyamalizia kwenye bawaba," akasema kwa fahari. "Zetu na za majirani."

Bi Kikohozi alipitisha kidole kwenye bawaba, akakilamba, akakohoa.